Mkono wa Baba Uliomkamata Mama

Baba yangu mzazi alipigwa makofi kwenye foleni ya sabuni, kwa wizi wa mche ambao yeye mwenyewe alikuwa anaomba watu wamsaidie kuutoa mkononi.

Soma tena hapo. Alikuwa anaomba wautoe.

Naitwa Hyasinta. Nauza mitumba Musoma mjini tangu enzi ile mitumba inaanza kuruhusiwa, kwa hiyo mdomo ninao. Haya ninayoandika kuna ndugu zangu watayasoma na watakasirika. Wakasirike tu, mimi nilikasirika miaka mingi na sikufa.

Kwetu ni Bunda, Manyamanyama. Baba alikuwa mkulima wa pamba, anaitwa Masatu, mzee wa kanisa, mtu wa kunyamaza. Mama anaitwa Nyamburi, kwao Butiama.

Siku hiyo ya sabuni ilikuwa mwaka themanini na tatu. Vijana hamuijui themanini na tatu. Sukari hamna, chumvi hamna, tulikuwa tunafulia majani ya mpapai. Ikisikika duka la ushirika limepata sabuni, watu wanatoka hata msibani.

Mbele ya baba kulikuwa na mwanamke mmoja ameshika mche wake kwa nyuma, mgongoni. Mkono wa kushoto wa baba ukaudaka.

"Wee mzee, achia!"

"Nitaachiaje, mama? Huyu hataki. Nisaidieni jamani."

Watu wakacheka kwanza. Halafu yule mwanamke akavuta, na kadiri alivyovuta ndivyo vidole vya baba vilivyozidi kukaza. Kicheko kikaisha. Kofi la kwanza likatoka, la pili likatoka, mzee wa kanisa yuko chini kwenye vumbi na mche bado kaukumbatia.

Mama alikuja mbio kutoka nyuma ya foleni. Hakuvuta. Alichuchumaa akaanza kumpapasa baba mgongo wa mkono, polepole, kama unavyombembeleza mtoto alale. Vidole vikafunguka kimoja kimoja. Mche ukadondoka.

"Pole, mume wangu," mama akasema. "Twende nyumbani."

Sabuni yenyewe hatukupata.

Ugonjwa ulikuwa umeanza na vifungo vya shati. Baba alikuwa anasimama mlangoni asubuhi anahangaika na kifungo kimoja mpaka kanisani wanaanza kuimba. Baadaye ikawa shambani, mkono wa kulia unachuma pamba na wa kushoto umeshika mti wa pamba hautaki kuachia. Ukawa unashtukashtuka wenyewe. Ukawa unapanda juu wenyewe, yuko anakula, anaushangaa. Alikuwa anaugombeza kabisa: "We, kazi imekushinda?" Akaanza kuuita Huyu.

"Huyu leo kaamka vibaya," anasema.

Tulikwenda zahanati. Wakapima presha, wakasema kiharusi. Wakampa vidonge, wakasema achuliwe. Mama alimchua kwa maji ya moto na mafuta ya kondoo asubuhi na jioni, mpaka nyumba nzima ikanuka kondoo. Mkono ukazidi kukauka.

Sasa hapo ndipo watu wakaanza kuongea. Kiharusi tunakijua bwana, kinamwangusha mtu siku moja, mdomo unapinda, anatoa udenda. Masatu hajaanguka, mdomo wake umenyooka, na mkono wake unakamata vitu vya watu. Kiharusi gani hicho?

Ametupiwa.

Aliyelisema kwanza kwa sauti ni baba mdogo Stanislausi, mdogo wake baba wa tumbo moja, boma lake limepakana na letu. Nisiseme uongo, alimpenda kaka yake. Nilimwona akimlisha ugali huku machozi yanamtoka. Ila pia alilipenda shamba letu la bondeni, na mtu anaweza kupenda vitu viwili.

Yeye ndiye aliyemleta mganga.

Mganga alikuja mchana kweupe, watu wa ukoo wamejaa uwanjani. Akamwangalia baba, akauangalia ule mkono jinsi unavyoinukainuka, akasema hahitaji kupiga ramli. Mkono wenyewe utasema.

"Wake wote wa ukoo huu wapite, mmoja mmoja," akasema. "Wampe mgonjwa mkono, huuhuu uliokufa. Mkono unamjua aliyeutenda."

Wanaume hawakuhusika. Uchawi kwetu ilikuwaga kazi ya wanawake, kama kuchota maji. Sisi mabinti nasi hatukuhesabiwa, maana tutaolewa tuondoke.

Wakapita. Ungewaona! Mke wa Stanislausi alimgusa baba na kidole kimoja kwenye kifundo, huyo akakimbia. Mwingine aligusa kiwiko. Mwingine alinyoosha ncha za kucha kama anajaribu pasi ya moto. Hakuna aliyekigusa kiganja.

Mama akaja wa mwisho.

Mama hakuwa na cha kuogopa. Mkono ule alikuwa anauosha kila siku, anaukata kucha, analala nao kitanda kimoja. Akamsalimia mume wake vizuri tu, akaweka kiganja chake chote kwenye kiganja cha baba kama mke anavyompa mume mkono.

Vidole vikafunga.

Uwanja mzima ulipiga kelele, mpaka kuku wakakimbia. Mama akavuta kidogo, vikakaza zaidi.

"Mwacheni mke wangu!" baba akasema. "Huyu anamshikaga kila mtu! Mwacheni!"

"Si yeye anayesema," mganga akasema. "Uchawi unajitetea."

Basi mama akafanya alilolizoea. Akainama, akaanza kumpapasa baba mgongo wa mkono, polepole. Vidole vikafunguka.

Hicho ndicho kilichommaliza.

"Mmeona?" mganga akaruka juu. "Mmeona? Anaubembeleza! Unamtii! Nani kamfundisha?"

Stanislausi alikuwa ameziba uso kwa mikono yake miwili. Alipoitoa, hakuwa shemeji tena.

Sitaeleza yote waliyomfanyia mama yangu siku ile. Nitasema tu kwamba walimnyoa kwa kipande cha chupa, wakachoma nyumba yake ya kupikia, na sungusungu wakamsindikiza hadi barabarani kwa fimbo. Alikwenda Butiama kwa kaka zake akiwa na kanga moja. Wanawake waliokuwa wanaazima chumvi kwake ndio waliomzomea zaidi. Jirani yetu Hana, ambaye mama alimzalisha watoto wawili, alirusha jiwe. Hana, kama uko hai na wajukuu zako wanakusomea hii, nililiona jiwe lako.

Nikabaki na baba. Stanislausi akachukua shamba la bondeni "kulitunza", na ili mkono usimdhuru mtu mwingine, akaufunga kwa kamba ya katani kwenye mti wa kitanda. Baba alikuwa analala hapo kama ndama. Kamba ikamla nyama mpaka kukawa na kidonda.

"Baba mdogo, anaumia," nikamwambia.

"Mwanangu, anayeumia si kaka. Ni kile kilichomo."

Nilivumilia mavuno mawili. Halafu siku moja alipokwenda mnadani kuuza ng'ombe, ng'ombe wetu, nikaikata ile kamba kwa panga. Nikambeba baba mpaka barabarani, nikaomba lori la pamba, tukashuka Musoma. Shangazi Pelagia, dada yao baba, alikuwa anakaa Makoko, anauza sato wa kukaanga. Alipomwona kaka yake akakaa chini palepale mlangoni akalia.

"Nyamburi yuko wapi?" baba akamuuliza. Hilo ndilo alilokuwa anauliza kila siku. Ulimi wake ulikuwa umeanza kuwa mzito.

Hospitali wakasema kiharusi, tena. Kila aliyevaa koti jeupe alikuwa anaangalia mkono uliopooza anaandika kiharusi. Shangazi akachoka. Mimi sikuchoka, maana mimi sikuwa natafuta dawa. Natafuta mtu wa kuniambia kwamba mama yangu si mchawi, na aniambie kwa sauti ambayo Manyamanyama wataisikia.

Nilimpata themanini na nane. Daktari Jilala, Msukuma, mrefu, mpole, ndiyo kwanza karudi kutoka masomoni ng'ambo.

Wa kwanza kuuliza swali la maana.

"Ilianza siku moja, au ilikuja inatambaa?"

"Ilitambaa, daktari. Ilianza na vifungo."

Akavuta kiti.

"Mzee, nionyeshe unavyochana nywele. Mkono wa kulia." Baba akaonyesha vizuri. "Sasa wa kushoto." Mkono ukapanda hewani, ukazubaa, haujui kichwa kiko wapi. Akamwambia afumbe macho, akamwekea funguo mkononi. "Nini hicho?"

"Kitu," baba akasema.

"Huu mkono ni wa nani, mzee?"

"Wa huyu."

Daktari hakucheka. Akapitisha vidole vyake viwili polepole kwenye kiganja cha baba. Vikadakwa. Akavuta, vikakazwa. Aliponasuliwa kwa shida, akamwita muuguzi aweke vyake. Akadakwa. Shangazi Pelagia akaweka, akadakwa, akapiga yowe la Yesu. Mimi nikaweka, nikadakwa.

"Unashika chochote kinachogusa hapa katikati," daktari akasema. "Mtu, kuni, sabuni. Hauchagui. Ubongo wake umepoteza ile sehemu inayouzuia mkono."

"Si kiharusi?"

"Si kiharusi, kinafanana tu. Kiharusi kinapiga mara moja. Ugonjwa huu unatafuna ubongo taratibu, upande mmoja unatangulia. Ni adimu sana. Mimi nimewahi kumwona mgonjwa mmoja tu, hukohuko nilikosoma. Baadaye utakwenda mguuni, halafu kwenye kumeza."

"Dawa?"

"Hakuna, dada yangu. Pole."

"Na nani kamletea?"

Akanishangaa. "Hakuna mtu anayeweza kumletea mtu hii."

Nimeambiwa baba yangu atakufa na nikacheka. Nilicheka kwa sauti pale wodini, nikapiga magoti nikamshika daktari miguu. Shangazi akadhani nimerukwa na akili. Mimi nilikuwa namwona mama anarudi nyumbani.

Nikamweleza daktari kisa chote. Alikasirika mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

"Kwetu si mbali na Bunda," akasema. "Nitakwenda mwenyewe. Watu si wajinga, wanahitaji tu kuona. Wakiona kwa macho yao, wataelewa."

Wakiona kwa macho yao. Kauli hiyo mpaka leo nikiisikia kwa mtu msomi, nanyanyuka naondoka.

Tulikwenda na Landrova ya hospitali, baba tumemlaza nyuma, mama tukampitia Butiama. Nywele zake zilikuwa zimeota nyeupe zote. Alipomwona baba, alimfuta udenda kwa ncha ya kanga. Baba akatamka "Nyamburi". Lilikuwa moja ya maneno machache aliyobakiwa nayo.

Uwanja ulijaa kuliko siku ya mganga. Baba tukamshusha tukamkalisha kitini katikati ya watu. Mama akabaki nyuma ya gari, walisema asikanyage boma.

Daktari akazungumza vizuri sana. Kichwa kinavyoongoza mkono, sehemu gani imekufa, yote kwa Kiswahili chepesi, na Kisukuma kidogo kwa wale wazee wa kutoka upande huo. Watu wakamsikiliza kwa heshima. Wakaitikia kwa vichwa. Nikaanza kuvuta pumzi.

"Sasa msinisikilize mimi," akasema. "Tujaribu. Mmoja wenu aje aweke mkono wake hapa."

Watu wakaanza kusukumana.

"Njoo wewe, mzee," akamwita Stanislausi. "Wewe ni ndugu yake. Huna ubaya naye."

Stanislausi akasita. Nikamwangalia usoni nikasema, watu wakisikia, "Baba mdogo, unaogopa nini? Mama hakuogopa."

Wengine mtanilaumu. Laumuni. Nilitaka aone aibu, na ningemwambia tena.

Akaja. Akasimama mbele ya kaka yake, akafuta jasho kwenye suruali, akaweka kiganja chake.

Vidole vikafunga.

"Mnaona?" daktari akasema, anatabasamu kabisa. "Mnaona?"

"Tunaona, daktari," mzee mmoja akajibu taratibu.

Ile sauti! Nikageuka nikaangalia nyuso za watu, na nikajua kwamba tumekwisha. Walikuwa wanamwangalia Stanislausi kama walivyomwangalia mama.

"Shamba la bondeni nani analima?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Ng'ombe wa Masatu nani kauza?"

"Na mganga nani alimleta?"

"Hapana, hapana," daktari akasema. "Mkono unashika kila mtu! Njoo wewe uweke. Wewe! Yeyote!"

Nani aje? Kila aliyemnyooshea kidole alirudi nyuma. Mkono mmoja, umeshashika mtu mmoja, na mtu yuleyule anavuta kwa nguvu zote, macho yamemtoka.

"Jamani mimi ni ndugu yake!" Stanislausi analia. "Kaka, niachie! Kaka!"

Baba alikuwa anatikisa kichwa. Mdomo unafunguka, neno halitoki.

Fimbo ya kwanza ikampiga Stanislausi mgongoni.

Hapo mama akatoka nyuma ya gari. Alipita katikati ya watu kama hakuna watu. Mwanamke aliyenyolewa kwa chupa kwa sababu ya huyuhuyu Stanislausi, akapiga magoti kati ya ndugu wawili.

"Usivute, shemeji," akamwambia. "Ukivuta anakaza. Tulia."

Akampapasa baba mgongo wa mkono, polepole. Vidole vikafunguka. Stanislausi akadondoka akiwa huru.

Nikafikiri, sasa wameelewa, sasa wameona huruma ya huyu mama.

Sauti ya mwanamke ikasema, tena kwa mshangao, kama mtu aliyepata jibu la hesabu:

"Heee! Kumbe walikuwa wawili."

Daktari alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Alimrusha mama ndani ya Landrova, mimi nikambeba baba nikamwingiza, mawe yakavunja kioo cha nyuma. Stanislausi hatukumuwahi. Nilimwona kwa mara ya mwisho amepiga magoti, anaonyesha viganja vyake vyote viwili kwa watu, kwamba mjue havina kitu.

Walimzika bila mchungaji.

Mama alirudi Butiama. Hakurudi Manyamanyama mpaka kufa kwake. Sikumsikia hata siku moja akifurahia kifo cha shemeji yake. Nilipomwambia Mungu kamlipia, alinizaba kofi, mimi mtu mzima.

Daktari Jilala aliomba uhamisho.

Mnafikiri imeishia hapo? Bado.

Mwezi haujaisha, wakaja watu Makoko, wanaume watatu wa kijiji ambacho hata sikijui. Wako na bibi mmoja, wamemshika kwapa huku na huku. Midomo ya bibi imekauka. Wakanisalimia kwa adabu kabisa.

"Tumesikia hapa kuna mkono unaotambua wachawi," wakasema. "Tunaomba tumpime mama yetu."

Mama yao. Haki ya Mungu, wamemleta mama yao.

Baba alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani, hasemi tena, anameza kwa shida. Macho yake yakanitazama. Kichwani alikuwa mzima, nawaambia, alikuwa anaelewa kila neno, hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Yule bibi alikuwa ameshaanza kunyoosha mkono mwenyewe, mtiifu, kiganja wazi. Angedakwa na angekufa njiani.

Nikamwahi. Nikatia kiganja changu kwenye kiganja cha baba, chote, kama mama alivyofanya.

Vidole vikafunga.

"Haya," nikawaambia. "Mmempata. Ni mimi. Mimi ndiye niliyemroga, na yeyote atakayemgusa huyo bibi nitamshughulikia yeye na ukoo wake. Ondokeni!"

Walikimbia, wakasahau hata baiskeli. Bibi akabaki amesimama uani, ananiogopa kuliko alivyowaogopa wanawe.

Mama alikuwa amenifundisha namna ya kujinasua. Sikujinasua. Nilikaa pale na baba, mkono wangu ndani ya wake, mpaka Shangazi akarudi kutoka kuuza samaki. Nililia sana. Tangu niwe mtoto mdogo baba hakuwahi kunishika mkono muda mrefu vile.

Alikufa mvua za kwanza. Makoko jina la mchawi ninalo mpaka leo, na msijisumbue kunitetea. Limenisaidia, hakuna kibaka anayegusa mitumba yangu.

Fundisho langu ni hili, na wasomi mlisikie. Watu wenye hofu hawakosi macho. Ukiwaletea ukweli uwanjani, wataupokea vizuri, watakushukuru, halafu watautumia kuchagua wa kumpiga. Kabla hujawaambia "mnaona", tafuta kwanza watu wa kuweka mikono yao pamoja na aliyeshikwa.

Mimi siku ile ya daktari nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka kwa baba, mikono yangu yote miwili mitupu, na sikukumbuka kuwa mkono wake wa kulia, ule mzima, ulikuwa haujashikwa na mtu; ningeutia wangu, tungeonekana tumeshikwa wawili.